Kitambaa Kipya cha Meza ya Baba

Alhamisi, baada ya alasiri. Isevya, Tabora.

Asalaam aleikum, ndugu msomaji, na kama salamu yako ni nyingine, naipokea hiyo hiyo yako. U mzima? Nyumbani wanaendeleaje? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Joto limekaa juu ya mabati toka asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Igalula, yakatutazama, yakaenda zao.

Naandika nikiwa nimekalia ndoo mlangoni mwa banda langu la kazi, mikono inanuka nta. Ndani kuna meza ya biliadi, vijana wanaiita meza ya pool, imevaa kitambaa kipya cha kijani. Na imeharibika.

Hapana, sijasema vizuri. Meza ni nzuri. Aliyeharibu ni mimi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu ambao binti yangu alinifungulia: mimi ni fundi wa makochi, elimu yangu darasa la saba. Natandika pia mazulia misikitini, na kazi hiyo sijawahi kuishika bila udhu. Meza ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa mtumishi wa klabu moja ya zamani hapa mjini, kazi yake kuipiga brashi meza na kuandika alama za wachezaji. Klabu ilipofungwa akaachiwa yeye. Ilikuja nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, vipande vipande, yale mawe yake matatu bapa yanayokaa chini ya kitambaa yamelazwa kwenye magodoro kama wagonjwa.

Kaka yangu Hamisi ndiye aliyeipenda. Mimi nilikuwa mtu wa mpira wa miguu. Yeye alicheza na baba kila jioni, bila dau, bila ugomvi, kikombe cha chai kwenye dirisha.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Siku ya hitima ya baba nilikuwa ndio kwanza nimeingizwa kwenye kamati ya msikiti, na kichwa kilikuwa kimevimba. Watu wanasubiri pilau, nikasimama. Nikasema meza ile ni chombo cha kamari na haitalala tena ndani ya nyumba ya marehemu. Nikaongeza, "Kaka yangu anajua ninachosema."

Hakuna mtu aliyewahi kumwona kaka akicheza kamari. Hata mimi sikuwahi.

Kaka akainuka. Akanawa mikono, akala, akamaliza. Wiki ile ile akahamia Igalula kulima. Meza nikaitupa bandani, kuku wakaitagia. Imepita miaka kumi na minne. Tulipokutana kwenye misiba nilimwambia shikamoo, akanijibu marahaba, tukaulizana habari za mvua.

Mwaka huu amerudi kwa sababu ya macho. Ana presha ya macho, na daktari amemwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Siku ya pili alipofika hapa kwangu aliniuliza swali moja tu.

"Rama, ile meza bado ipo?"

Nilikwenda kwanza kwa shehe wetu kumuuliza. Akaniuliza, "Kuna dau?" Nikasema hakuna. "Itawapitishia wakati wa sala?" Nikasema hapana. "Sasa Fundi, umekuja kuuliza nini?" Nikatembea kurudi nyumbani nikiwaza kwamba swali lile lingechukua dakika mbili hata miaka kumi na minne iliyopita.

Basi nikaanza. Nilikwangua mavi ya kuku siku mbili. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, nikachonga mwingine wa mninga. Mawe niliyaosha, nikayapanga kwa pima maji, nikachomeka vipande vya karatasi ngumu mpaka lile povu likatulia katikati. Maungio nikayaziba kwa nta ya nyuki kutoka Sikonge, nikaiyeyusha, nikaimimina, nikainyoa kwa wembe. Kaka alikuwa anakaa pembeni ananielekeza, na anavyonitania unamjua mtu aliyeanza kurudi.

"Hii si kochi, Rama. Usije ukaiwekea sponji."

Nikacheka naye. Ukweli nilikuwa nimeshaikata sponji, nikaisukuma kwa mguu chini ya meza asiione. Halafu nikakumbuka kwamba asingeiona.

Kitambaa tuliagiza Dar, kikachukua wiki tatu kufika. Kilipofika kaka alikuwa amekwenda Igalula kufunga nyumba yake, siku tano. Nikaona hapo hapo nikimalize, akirudi aikute tayari. Nilitaka aikute tayari kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka huu.

Kitambaa cha biliadi kina manyoya mafupi ya sufu, yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ukipitisha kiganja kwa upande wake kinateleza, ukirudisha kinakwaruza. Zulia la msikiti nalo ni hivyo hivyo, na marehemu mwalimu wangu wa kazi alinifundisha manyoya yalale kuelekea kibla, paji la uso lisikwaruzwe mtu anaposujudu. Kibla yetu sisi wa Tabora ni kaskazini. Nimetandika hivyo nusu ya umri wangu. Nikasema bismillahi, nikakivuta, nikapiga pini, nikapaka gundi kwenye kingo tatu, wa nne nikauacha na pini tu. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikuuliza chochote, kama kawaida yangu.

Leo mchana kaka amerudi. Hata maji hakunywa, akaja bandani. Akasimama pale alipokuwa akisimama zamani, mgongo mlangoni ili mwanga umtokee nyuma. Akaweka kiganja kwenye kitambaa. Akakipeleka mbele. Akakirudisha. Akarudia tena, polepole.

"Rama. Kibla ni wapi?"

"Huko nyuma yako, kaka. Mlangoni."

"Na mchezaji anaanzia wapi?"

"Hapo ulipo."

"Basi kila mpira nitakaoupiga kutoka hapa unapanda mlima. Manyoya yanatakiwa yaende na mchezaji, wewe umeyaleta yaje kumpokea. Umenitandikia msikiti, mdogo wangu! Mbona hukuniambia nivue viatu?"

Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Sikuwa nimesikia kicheko kile toka baba yuko hai. Nikacheka na mimi.

Mke wangu alikuwa nje anachambua mchele, akapaza sauti, "Si aanzie upande ule mwingine, yaishe?"

"Shemeji, kule mwanga unanipiga usoni. Nikisimama kule siioni meza, na wewe sikuoni."

"Mimi kunikosa si hasara, Bwana Hamisi. Angalia usije ukaikosa sahani."

Nikamwambia kaka nitakibandua, nikigeuze. Lakini mimi ni fundi, najua gundi yangu. Kikibanduka kitakuja vipande, na kingine ni wiki tatu tena. Kiganja cha kaka kilikuwa bado kwenye kitambaa.

"Wiki tatu ni nyingi, Rama."

Akaomba fimbo, akainama, akapiga mpira mmoja taratibu kuelekea tundu la kona. Ukaenda vizuri, ukachoka, ukapinda, ukasimama pembeni ya tundu. Akanyooka, akasema, "Inacheza. Asante sana, mdogo wangu."

Bora angenigombeza.

Njia ipo. Meza yenyewe igeuzwe. Ibebwe nzima na mawe yake, itolewe uani, izungushwe, irudishwe ndani. Hapo manyoya yatakwenda na mchezaji, na mwanga utabaki mgongoni kwake. Nta itapasuka kwenye maungio, kitambaa nitakiinua kwenye ule ukingo mmoja niliouacha na pini bila gundi, nizibe nyufa kwa nta nyingine. Hiyo ni kazi ya alasiri moja. Jumamosi kaka anacheza.

Ila wanatakiwa wanaume kumi. Wanaume kumi kwa mpigo nawapata sehemu moja tu, nayo ni msikitini kesho, baada ya sala ya Ijumaa, muda wa matangazo. Na ni wale wale waliosubiri pilau siku ile. Wengine wameshatangulia, waliobaki wana mvi kama mimi. Siwezi kusimama mbele yao nikawaomba wabebe kitu nilichowaambia ni chombo cha kamari, halafu nikae kimya kuhusu niliyoyasema. Kaka naye atakuwepo, anakaa karibu na nguzo. Macho yamepungua, masikio yako palepale.

Mke wangu akasema nichukue wabeba mizigo wa sokoni, hakuna atakayeuliza kitu. Nakiri kwenu kwamba wazo lile lilinipendeza kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Lakini kaka sikumvunjia heshima sokoni.

Toka hapo nimechana karatasi nne. Ya kwanza nimeeleza manyoya ya kitambaa nusu ukurasa. Ya pili nimemsifu baba. Ya tatu nimejitetea, nikajishtukia. Ya nne ina mstari mmoja: "Ndugu zangu, siku ya hitima ya baba nilimsingizia kaka yangu." Nayo niliichana, lakini nimeikariri. Baada ya hapo sijui linafuata neno gani.

Namsikia ndani sasa hivi. Mpira unagonga mpira, kimya, halafu anacheka peke yake, "Mlima huu!" Anajifunza kuupiga kwa nguvu zaidi, aufikishe tunduni hivyo hivyo nilivyomharibia. Amekwisha kuanza kuizoea. Hilo ndilo sitaki.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyewahi kuomba radhi mbele ya watu, ulisema nini baada ya sentensi ya kwanza? Niandikie hapa chini, hata mstari mmoja unatosha. Tafadhali nijibu mapema, kabla ya adhana ya kesho adhuhuri.