Harufu ya Mpira Chini ya Kiti cha Mama Yako

Mke wangu Dorika,

Uniwie radhi kwa kukawia kukuandikia. Masika mawili yamepita tangu tukuzike, na kila nilipoketi na kalamu niliona haya, kwa sababu neno la kwanza lilipaswa kuwa lile la mlangoni. Uliniita, nami nilikusikia. Mama yako alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda chako, na kwetu mtu haingii chumba alimo mama mkwe wake. Nikasimama nje, kofia mkononi, kama karani anayengoja kuitwa na Bwana DC, hata nikasikia wanawake wakianza kulia. Jambo hili sikumwambia mtu yeyote. Nilitamani kumwambia mama yako, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukituchukulia maneno, mimi na yeye, na wewe hukuwapo.

Wiki iliyopita ilinibidi nimpeleke Tororo kwa daktari, kwa ajili ya magoti yake. Mdogo wako Ereni ndiye angefuatana nasi kutoka Busia, lakini asubuhi ile aliamka na homa. Nilipopata habari hiyo mama alikuwa amekwisha kuingia garini, akaketi nyuma ya kiti changu ili nisiuone uso wake, na gunia la mihogo mikavu miguuni, na kuku mwekundu mapajani. Ningemshushaje? Ningezikataaje zawadi zake? Nikaifunga leso yako ya zambarau katikati yetu iwe pazia, nikaondoka.

Unalijua gari lile, ulilosema linakohoa kuliko mimi. Maili chache tu baada ya Busia nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama, nikafungua boneti. Mkanda wa feni haukuwa umelegea wala kupata moto. Mipira ya rejeta ilikuwa mizima, mbali na bomba la moshi. Nyaya nikazipapasa moja moja, zikawa baridi. Breki za mbele nazo hazikuwa na kosa. Nikafunga boneti, nikaomba Mungu, nikaendelea.

Kwenye tambarare harufu ilipotea. Kwenye kila shimo ilirudi, pamoja na sauti ya kukwaruza nyuma ya mgongo wangu. Hapo nikajua. Kinachoungua mashimoni tu ni gurudumu linalogusa madigadi, na gurudumu lenyewe lilikuwa chini ya mama yako. Ili nilitazame ilinipasa nimwombe ashuke, kisha nipige magoti mahali alipoweka miguu yake. Nimwombe kwa kinywa cha nani?

Naungama kwamba niliendelea kuendesha. Mvua ilikuwa imeanza, vioo vimefungwa, na harufu imetujaa kooni. Nyuma ya leso nilimsikia akikohoa ndani ya nguo yake, polepole, asinisumbue. Mimi nami nilikohoa ndani ya kiganja, nisimsumbue yeye. Tulikwenda hivyo, Dorika, watu wawili wenye adabu ndani ya sanduku la chuma, mpaka Mwamba wa Tororo ukaonekana mbele yetu, na moshi ukaonekana nyuma.

Nikasimamisha gari. Nikatazama mbele, nikasema, "Ewe kuku, mwambie mama kwamba gurudumu lililo chini yake linaungua. Namwomba radhi, ashuke."

Kisha nikasikia, "Kuku, mwambie mkwe wangu kwamba harufu hiyo naisikia tangu Busia. Nilidhani ndivyo yanukavyo magari ya wazee. Mwambie pia magoti yamekufa ganzi. Kama wewe kuku huwezi kunishika mkono, atafute mwingine."

Mwingine hakuwapo. Nikaifungua leso, nikampa mkono wangu. Vidole vyake ni vyako. Sikuwa nalijua hilo.

Nilipopandisha gari kwa jeki niliona springi ya nyuma upande wa kulia imevunjika, bodi imelala, na madigadi imekwisha kuchimba mfereji katika mpira hata nyuzi zinaonekana. Nikafunga gurudumu la akiba. Nikakata kigogo cha mti mgumu, nikakipachika kati ya ekseli na chesesi, nikakikaza kwa vipande vya tyubu kuukuu, mpaka nafasi juu ya gurudumu ikaingiza vidole vyangu vinne. Lakini upande ule haukuweza tena kubeba uzito. Gunia nikalihamishia kushoto. Na kiti kilichokuwa mbali zaidi na springi ile mbovu kilikuwa cha mbele, karibu na changu. Mama yako aliliona hilo kabla sijalisema. Akaingia, akajifunika kichwa, nami nikaondoka taratibu.

Baada ya muda akasema, bila kuku, "Baba Yoana, siku ile Dorika alikuita. Mara mbili. Ningeweza kujifunika shuka nikatoka, nawe ukaingia. Sikuinuka. Kila Jumapili namshukuru Mungu kwamba hukusikia."

Ningeweza kunyamaza. Adabu niliyofunzwa nyumbani na ile niliyofunzwa misheni, zote mbili ziliniagiza ninyamaze.

Nikasema, "Mama, nilisikia."

Aliupangusa mvuke kiooni kwa ncha ya nguo yake. Kisha akasema, "Basi tulikuwa wawili." Nikamfikisha hospitali.

Ningependa kukuambia kwamba tangu hapo tunazungumza. La. Tuliporudi niliifunga leso tena kabla ya kufika kwenye nyumba za watu, naye mwenyewe alinishikia ncha moja. Wazee wameshasikia kwamba alikaa mbele, na Jumamosi nitakwenda kujieleza. Nitaomba radhi, kama nilivyozoea.

Lakini daktari amesema moyo wake nao umechoka, si magoti tu. Iko siku atalala kitandani kama ulivyolala wewe. Siku hiyo, Dorika, sitangoja kuitwa mara ya pili. Nitaingia, hata wazee wote wa Busia na Tororo wawe wamesimama uani. Kwako nilichelewa, na sina namna ya kulitengeneza hilo. Nisamehe ukiweza. Pumzika, mke wangu.

Mumeo,
Zebedayo