Zulia juu ya kiti cha boti

Kaka, nimekwisha.

Unajua nilivyo na uchungu na viti vipya vya boti. Abiria wakipanda wanavikanyaga na viatu, ngozi inachanika. Basi leo nikatandika kipande cha zulia juu ya kiti cha pembeni, wakanyage hapo.

Sikulifunga zulia. Nasema tena, sikulifunga.

Na wa kwanza kupanda ni nani? Mama wa mchumba wangu. Nikampa mkono: "Kanyaga hapa mama, usiogope."

Zulia likateleza naye mpaka mapajani kwa nahodha.

Mimi, badala ya kumwinua, nikainama kukagua kiti. Nikasema kwa sauti, "Afadhali, hakijachanika."

Kaka, kwa sauti.

Akaniangalia. "Huyu ndiye atakayemtunza binti yangu?"

Nahodha, bado kampakata: "Viti anavitunza vizuri sana, mama."