Wanne kwa Kibao Kimoja

Beni, tarehe 3 Septemba 2024

Tamar, mwipwa wangu,

Habari za Butembo, huko kwenu Kimemi? Koo lako limepona? Mimi ni mzima, ila goti linalalamika kila mvua inapokaribia.

Dereva Moustapha akukabidhi sanduku hili mkononi mwako, si kwa jirani. Ndani wamo askari wangu wadogo wa vita vya Adua, Wahabeshi arobaini na Waitaliano ishirini na wanne. Unawajua. Tuliwayeyusha kutoka betri kuukuu nilipokuwa bado mwalimu wa historia, na kila mwanafunzi wa darasa la sita alimpaka rangi mmoja.

Kwa sheria tulizocheza nazo, kila askari alisimama kwenye kibao chake. Kete ikimwangukia, unamwondoa mezani peke yake. Sasa nimepata kitabu cha sheria nyingine, cha Kifaransa, kimechakaa lakini kinasomeka. Humo wanasimama wanne kwa kibao kimoja, sentimeta sita kwa tatu. Kibao kikizidiwa, kinarudi nyuma na watu wake wote. Hakuna anayeondolewa peke yake. Nimechoka kuondoa mtu mmoja mmoja, Tamar.

Wewe unayefungua simu za watu na kuzifunga tena bila skrubu kubaki, kazi hii ni yako. Lakini usimbandue hata mmoja kabla ya barua yangu ya pili. Nitakuandikia nani asimame na nani.

Kila mwezi unanisumbua nihame Beni. Haya basi: siku Adua itakaposimama mezani pako kwa sheria mpya, nitapanda huko Butembo nije kucheza. Kama nitashuka tena, tutaona.

Mujomba wako,
Maliro


Butembo, tarehe 9 Septemba

Mujomba wangu mupenzi,

Salamu nyingi. Goti lipake mafuta ya moto, usilidharau. Mimi koo limepona, wasiwasi ndio haujapona.

Sanduku limefika salama. Niliposoma kwamba utapanda, nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akaniuliza kama simu yake imekufa. Mais, Mujomba, kwa nini ungoje askari? Panda kesho, tuwabandike pamoja. Nilimuuliza Moustapha habari ya barabara, akanijibu: "Leo iko muzuri. Kesho sijue, mama. Mimi naendesha tu."

Unajua kwa nini nasumbua. Kaka yangu Timothée alishuka Kamango kununua kakao, kwenye njia ya waasi, akasema atarudi Jumamosi. Tulifanya matanga yake bila mwili. Mama naye akafuata. Nimebaki na wewe tu, na wewe umekaa kule kule.

Leta hiyo barua ya pili haraka.

Mwipwa wako,
Tamar


Beni, tarehe 12 Septemba

Tamar, mwipwa wangu,

Hujambo? Hapa tuko. Jana usiku tulisikia mlio wa risasi upande wa mashamba, asubuhi soko likafunguliwa kama kawaida, nyanya zikauzwa.

Maelezo ni haya. Chini ya kila kibao kuna kitambaa cha kijani. Nilikibandika ili askari wasikwaruze madawati. Kibandue polepole. Juu ya mbao utakuta jina la mwanafunzi aliyempaka rangi askari huyo, kwa penseli, mwandiko wangu. Yanakili majina yote kabla ya kukata chochote, maana sina mahali pengine nilipoyaandika, na kichwa changu siku hizi ni kikapu kilichotoboka. Waliokaa dawati moja wasimame kibao kimoja. Ndiyo maana nilitaka ungoje.

Wengine kati yao hawapo tena, unajua. Sitaki wasimame na watu wasiowajua.

Mujomba wako,
Maliro


Butembo, tarehe 24 Septemba

Mujomba,

Unaendelea namna gani? Nauliza hewa. Barua yako ya pili haijafika, siku kumi na tano sasa. Makamio yamezuiliwa barabarani, hata la Moustapha, watu wanaotoka huko kwa miguu kila mmoja ana habari yake, na kila habari ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Simu yako inaita, inakata.

Sikuweza kukaa mikono mitupu. Nilijiambia, Adua ikiwa tayari, hatakuwa na kisingizio. Nimewabandua wote. Maji ya moto, wembe, pole pole. Tisa walivunjika kifundo cha mguu, nikawatoboa na kuwatia waya wa spika. Vibao vipya nimechongesha kwa fundi, sita kwa tatu, kumi na sita. Udongo wa Adua nimeufanya kwa gundi ya kole na machicha ya kahawa, unanukia vizuri kabisa. Nimewapanga kwa rangi ya suruali. Kuna Muhabeshi mmoja amepakwa viatu vyekundu. Sijui ni nani alimfanya hivyo, nimemweka mbele, ananifurahisha.

Vibao vya zamani vilikuwa vikavu sana. Nimeviwashia jiko la mbabula, nimepika maharagi ya Musienene. Yameiva haraka.

Donc, kila kitu ni tayari. Panda.

Mwipwa wako,
Tamar


Butembo, tarehe 1 Oktoba

Mujomba,

Sijui nianze na salamu gani. Barabara imefunguliwa, na Moustapha ameniletea leo barua yako ya tarehe 12. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Nimeyachoma. Majina yote. Nilikiona kile kitambaa cha kijani nikafikiri ni urembo tu. Uliniambia nisiguse kabla ya barua ya pili, na mimi niligusa, kwa sababu niliogopa utakufa huko kabla sijamaliza. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Nimepekua majivu. Usicheke. Hakuna kitu.

Nitukane ukitaka, nitukane kwa Kinande na Kifaransa, lakini andika. Usiache kupanda kwa sababu ya ujinga wangu.

Mwipwa wako,
Tamar


Butembo, tarehe 20 Oktoba

Mujomba,

Moustapha amepita mara tatu bila barua yako, na simu hupokei. Leo nilimshika mkono nikamuuliza kama uko hai. Akaniambia: "Nilimupatia barua yako mu mukono. Alisoma, akaikala chini, akaniambia nisingojee jibu. Wiki hii sikumuona. Banasema anatoka kila asubui, hapana kusema anaenda wapi."

Unaenda wapi kila asubuhi, na goti hilo?

Meza nimeifunika kwa shuka. Siwezi kuwatazama.

Tamar


Beni, tarehe 4 Novemba

Tamar, mwipwa wangu,

Pole kwa kungoja. Mimi ni mzima, na goti limezoea.

Nilikasirika, nisikufiche. Siku mbili nilikuita majina ambayo padri hapaswi kuyasikia. Ya tatu nikachukua karatasi, nikaanza kuandika kutoka kichwani. Nilifika arobaini na moja, nikakwama. Nikavaa viatu, nikaanza kuwatafuta.

Agar anauza nguo za mitumba. Alinipigia kelele soko zima: "Mwalimu! Ya kwangu ilikuwa Mutaliano! Nilichelewa, Bahabeshi balikuwa bamekwisha. Nililia siku muzima!" Akanipa majina manne ya dawati lake. Syauswa, fundi wa matofali, akanipa sita. Kila mmoja alinituma kwa mwingine. Na Kahongya, Tamar! Kahongya niliyemhesabu na wafu miaka minne, nilimkuta anashona viatu nyuma ya stendi, ana watoto watatu. Kama ungeninakilia jina lake kutoka kwenye kile kibao, ningeendelea kumlilia nyumbani, naye yuko dakika ishirini kutoka kwangu. Wasingya, mwanangu, asante. Sikufikiri nitakuandikia neno hilo.

Nina majina sitini na matatu. Kumi na tisa hawapo. Nimeyasoma yote kwa sauti, mara mbili.

La sitini na nne sikulisahau. Mwenye viatu vyekundu ni Timothée. Nilimwambia Wahabeshi wengi walikwenda vitani miguu mitupu, nikataka kumkata alama. Akanijibu: "Mujomba, ile njia iko na miiba." Nikamwacha. Jina hilo utaliandika wewe chini ya kibao, maana mkono wangu umejaribu na umekataa.

Uliowapanga kwa suruali waache hivyo hivyo. Watazoeana.

Nimesoma tena ile sheria mpya, ukurasa wa kibao kinachorudi nyuma na watu wake wote. Nilikutumia wewe uitumie kwa askari, mimi mwenyewe nikabaki nimesimama peke yangu huku. Nitapanda Alhamisi na Moustapha. Nimefunga mizigo yote, hata sufuria. Tukichelewa kufika, usitoke barabarani kuuliza watu. Kaa nyumbani, weka maharagi motoni.

Penseli usinunue, nitaleta yangu.

Mujomba wako,
Maliro