Mkorosho wa Mama Chrispin

Scholastika, nimekata mkorosho wa mtu! Leo, kijijini Makote, mbele ya wakulima arobaini.

Si unajua kampuni yetu inafundisha kufufua mikorosho mizee? Tunakata, kisiki kinachipua, machipukizi tunayabebesha vikonyo, vile vijitawi vya mbegu bora. Mkulima mmoja, Baba Chrispin, akanionyesha mti wa kukata: "Huu hapa, mwalimu." Nami na mdomo wangu huu nikahutubia: "Mzee huyu anakula tu, hazai!" Makofi. Msumeno ukaanza kazi.

Mara mkewe huyo, ndoo kichwani. "Nani kakata mkorosho wangu?"

WAKE, shoga! Kaupanda mwenyewe, ndio unaomvisha. Ya mumewe iko nyuma ya nyumba, mizee kuliko huo!

Baba Chrispin, macho makavu: "Mwalimu ndiye kauchagua."

Stashahada nzima ya kilimo, na sikuuliza mti ni wa nani. Mdomo tu.

Nikampigia magoti Mama Chrispin, nikaahidi kuuhudumia mwenyewe mpaka uzae. Kisha nikamgeukia mumewe: "Muongo wewe, kesho tunakata wako!"

Sasa bosi anasema nimemvunjia Baba Chrispin heshima, nikamwombe radhi au nikabidhi pikipiki ya ofisi.

Pikipiki nimeshaiegesha mlangoni kwa bosi. Baba Chrispin simwombi radhi.