Maji ya Mtaro Wangu

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa watoto na kwa mama. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na kuku wako au wameshapatana? Mimi ni mzima, ila mikono imekuwa kama gome la mti, na asubuhi nikiinama kuvaa viatu nasikia mifupa inaongea. Barua hii anakuletea mumeo mwenyewe, akidhani ni salamu tu. Kabla hujamuuliza kwa nini amerudi na kazi haijaisha, nakuomba ukae chini uisome yote.

Huku mlimani tunachimba mtaro wa mabomba ya maji, na tunalala kwenye mahema ya turubai. Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Lakini nikwambie kweli, nilijifunza kuishi nayo hata nikaona raha. Hema langu nililipiga mahali palipoinuka. Chini nilitandaza majani makavu, juu yake nailoni, kisha mbao za masanduku, ndipo godoro. Kamba za katani zikilowa hukaza mpaka zing'oe vigingi, kwa hiyo mawingu yakikusanyika nazilegeza mapema. Turubai siligusi kwa ndani, maana ukiligusa tu, hapo hapo linaanza kuvuja. Zaidi ya yote, nilichimba mtaro kulizunguka hema lote. Mvua ikipiga, mimi nimejilaza na nguo kavu, nasikiliza matone kama mtu aliyelala kwao.

Msimamizi akawa anawaleta wenzangu waje kutazama. Aliwaambia kama wote wangekuwa na akili kama yangu, asingekuwa na wagonjwa. Dada, kichwa kilinivimba. Tangu niache shule sijawahi kuonyeshwa kwa watu kwa jambo jema.

Shemeji alilipiga hema lake chini ya langu, kwenye mteremko. Mimi ndiye niliyemwita pale, nikamwambia tukae karibu kama ulivyotuagiza. Basi likawa linajaa maji kila mvua inaponyesha. Asubuhi unamkuta anakamua blanketi, wenzetu wanamwita Bata. Mimi nami, kwa kuwa ni shemeji yangu na nina haki ya kumtania, nikawashinda wote. Nilisema dada yangu alidhani kaolewa na mwanamume, kumbe kaolewa na chura. Alicheka mpaka akashika mbavu, akanijibu kwamba basi na mimi ni mjomba wa viluwiluwi.

Alichimba mtaro wake, ukafurika. Akanijia kuniuliza anakosea wapi. Nikamwambia hajachimba vya kutosha, aongeze.

Kisha kikamwanza kikohozi, kikafuata homa, akawa hawezi kuinua sururu. Msimamizi alisema mbele ya watu kwamba mtu asiyeweza kutunza mahali pake pa kulala hawezi kuaminiwa kwenye kazi ya mabomba, afungashe arudi kwake. Shemeji akaitikia, akaenda kurudisha sururu yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na koleo mkononi, natazama viatu vyangu.

Sasa dada, hili ndilo lililonifanya niandike. Kabla hata hajaanza kukohoa, Jumapili moja nilitoka kwenye mvua kulegeza kamba, nikaona maji ya mtaro wangu yanatoka kwa nguvu na kuingia moja kwa moja chini ya hema lake. Mimi kazi yangu ni mitaro. Siwezi kukudanganya kwamba sikuelewa. Kuugeuza kulitaka kukata mizizi kidogo, na kulitaka watu wajue kwamba hema lile linalosifiwa ndilo linalomlowesha mwenzangu. Nilikuwa nimechoka, ni kweli, lakini uchovu sio ulionizuia. Nilichukua majani nikaufunika mdomo wa mtaro usionekane. Kisha nikarudi ndani nikalala.

Jana amekuja kuniachia nailoni yake. Amesema yeye anakwenda kulala chini ya bati, mimi bado niko na mvua. Amesema nisiwe na wasiwasi, atakueleza mwenyewe kwamba alikuwa mzembe.

Usimwache aseme hivyo. Msomee barua hii, mama akiwepo, neno kwa neno. Tumekaa hema kwa hema na nimeshindwa kufungua mdomo. Msimamizi naye bado sijamwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekuogopa zaidi. Kwake nitakwenda nikishampa shemeji bahasha hii, kabla gari halijaondoka. Akinifukuza na mimi, sawa.

Mpikie kitu cha moto, na kifua chake kisipigwe na baridi. Wasalimie watoto. Mama mwambie namuomba radhi.

Jana jioni niliugeuza mtaro. Kazi yenyewe haikufika hata muda wa kunywa chai. Usiku mvua imenyesha kama kawaida, na leo shemeji ameamka pakavu. Sasa hivi namsikia nje anafunga mzigo, anawaambia wenzetu kwamba mvua imemwonea huruma kwa kuwa anaondoka.

Ni mimi,
mdogo wako.