Chaneli za Wachina

Jumanne, Jeddah

Amezifuta zote! Ile stesheni ya jimbo moja la Uchina ilikuwa na chaneli nane kwenye televisheni ya humu ndani, na leo Madam kamwita fundi wa dishi aziondoe. Eti, "Nani hapa anajua Kichina?"

Hakuna. Na ndiyo raha yake. Mama yake Madam, huyu bibi ninayemtunza, kiharusi kimemnyang'anya maneno. Ukimwekea ya Kiarabu analia, anaona wenzake wanasema naye hawezi. Ya Kichina tunaduwaa sote wawili, sawasawa. Mimi shule sikuiona, herufi hizi ninazoandikia kanifunza mjukuu wangu, lakini ile chaneli ya waimbaji wenye nyuso za rangi naijua kwa alama yake ya pembeni. Bibi akiwaona hufungua mdomo, nami namlisha uji bakuli zima.

Leo amekaza meno. Adhuhuri hakula, alasiri hakula.

"Yalla, mlazimishe," Madam akaniambia.

Nimlazimishe! Nimelea watoto sita, sijamshindilia mtu kijiko. Nikamjibu, "Madam, kibali changu cha kukaa, hiyo ikama, unayo wewe. Ukitaka nirudishe Malindi kesho. Mama yako simlazimishi. Mwite fundi azirudishe."

Akaenda zake, akabamiza mlango.

Basi nikaizima televisheni, nikajipaka unga usoni, nikamwimbia bibi kwa Kigiriama, mashavu nimeyavimbisha kama wale Wachina. Kacheka upande mmoja wa mdomo. Amekula vijiko vinne.

Vinne tu! Na Madam akinifukuza kweli, huyu mama atalishwa na nani?