Viatu vya Kwenye Picha

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zako zimefika. Huku Ujiji hatujambo, ila babu yako bado anagoma kumeza dawa za presha.

Sasa wewe! Eti wafadhili wanaokusomesha udaktari wanataka picha yako ukiwa pekupeku, unaniuliza uvue viatu au usivue? Unaniuliza mimi! Nilipofadhiliwa kusomea uuguzi, mpiga picha aliniambia nivue, nikavua huku nacheka. Viatu vyenyewe mama alininunulia kwa kuanika dagaa ufukweni Katonga msimu mzima. Picha ilipoletwa nyumbani aliitazama wee, kisha akaniuliza, “Kwani vilikubana?”



Washukuru wafadhili wako kwa moyo wote. Lakini viatu usivue, mtoto wewe!

Bibi yako